Muulize Shangazi: Askari akiwa livu, aje harusini na magwanda?

Salaam nyingi wasomaji wangu. Wiki hii barua nne, zote za yunifomu, sijui mlikaa kikao. Ya kwanza ndo ntaikalia zaidi, hao wengine mtaniwia radhi.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni. Kakangu ameandikwa jeshi, yuko neivi, huu mwaka wake wa pili, na mwezi ujao anakuja livu ambapo binti ami yetu anaolewa. Mama amekaza kamba ati lazima aje na yunifomu yake aivae kwenye nikaha na jioni kwenye kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, maana alipokwenda kuandikwa wako waliomcheka ati mtoto wa Lamu hawezi mazoezi ya jeshi ya Eldoret atarudi baada ya wiki. Sasa mama ataka wamuone. Baba mdogo naye asema akimuona na nguo hizo yeye hatoki nyumbani siku hiyo. Kakangu mwenyewe nikimpigia simu asema tu "mtakavyo". Mimi ndo nimetumwa kwa fundi na sijui nishone kanzu au nisishone. Nani ana haki hapa? — Dada mtu, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mamako usimlaumu na usimcheke, mimi pia nina watoto. Nyinyi vijana hamjui vile watu wa pwani tumelia miaka na miaka kwamba nafasi za jeshi zikija watoto wetu hurudi nyumbani na bahasha zao mikononi, sasa huyu ameingia, amekwenda Eldoret kwenye baridi ile ya asubuhi, amemaliza, halafu aje akae kwenye mkeka na kanzu kama wale waliomcheka? Mama anadai deni lake, namuelewa kabisa.

Lakini mimi niko na baba mdogo.

Nikwambie kwa nini. Kakako akija na kanzu na kofia yake ya mkono akakaa barazani, yeye ni mtoto wa fulani mjukuu wa fulani, mzee yeyote aweza kumwambia wewe hebu inuka ulete kahawa, na akiinuka hakuna ajabu. Akikaa pale pale na kombati na buti, nani atamtuma kahawa? Wazee ndo watasogea wampishe. Mazungumzo yatabadilika, yule aliyekuwa anaisema serikali ataanza kuzungumza habari za mvua, na anayepitisha bidhaa zake kwa mashua bila ushuru (tunawajua, tunakula nao biriani) atakumbuka ana shughuli Mkomani. Marehemu mume wangu alikuwa polisi, miaka ishirini na kitu, na hakuwahi hata siku moja kukaa barazani na nguo za kazi, atapita mlango wa nyuma kwanza abadilishe ndo atoke, alikuwa akisema "nikikaa nazo hizi hakuna atakayenihadithia kitu, nitakuwa nimerudi zamu bila malipo."

Na hiyo kirumbizi ndo kabisa. Wewe ni wa Lamu wajua, ngoma inapigwa, watu wawili wanaingia uwanjani na fimbo zao, na raha yote ni kwamba hodari aweza kupatikana akapigwa ya ugoko watu wakacheka mpaka chini. Haya, niambie ni nani ataingia uwanjani amtwange fimbo mtu aliyevaa nguo ya Jamhuri ya Kenya? Na akimtwanga, aliyepigwa ni kakako au ni serikali? Watu watamchezea taratibu kama wanacheza na mtoto mchanga na yeye mwenyewe ataona, na hakuna kitu kinachomuudhi kijana kama kuachiwa ashinde.

Hilo la furaha. Sasa kuna lile ambalo baba mdogo hakulisema. Wewe huenda ulikuwa mdogo 2014. Usiku wa tarehe 15 Juni na ule uliofuata watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, Al-Shabaab wakasema ni wao, halafu ikaja kafyu, magharibi watu ndani, wavuvi wakakatazwa kwenda usiku, na mji kama Lamu ukimkataza mvuvi usiku umemkataza kula. 2015 ikaja oparesheni ya kuwasaka kwenye msitu wa Boni. Miaka hiyo yote magwanda yalikuwa yanavaliwa na watu wa aina mbili, wanajeshi wetu wenyewe, na wale wauaji ambao si mara moja walijitokeza barabarani na vijijini wamevaa nguo zinazofanana na za jeshi. Mwananchi atajuaje? Mlango ukigongwa usiku ukachungulia ukaona buti, kuna kitu cha kukwambia huyu amekuja kukulinda au kukuchinja? Na hata waliokuwa wa haki, walikuja na msako, vijana wakachukuliwa kuhojiwa, wako waliorudi na wako ambao mama zao mpaka leo wanauliza. Sisemi jeshi ni baya, hao hao ndo wanaolala Boni na mbu na kupita barabara zilizotegwa mabomu ili mimi na wewe tupate kupanga harusi. Nasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kwenye hiyo harusi walioumwa watakuwa wengi, waje kula pilau halafu washtuke kwa nini?

Halafu usalama wake yeye. Akija kwa barabara atapita Malindi, Garsen, Witu, na hiyo njia wewe waijua, mabasi yamekuwa yakisindikizwa na polisi miaka sasa, mwashuka mwaonyesha vitambulisho mwapanda. Basi likisimamishwa na watu wasiokuwa polisi, wa kwanza kutafutwa ni askari, na aliyekaa kiti cha pembeni yake hasalimiki kwa kuwa raia. Hata kwenye begi asiiweke juu juu. Na Manda Bay pale upande wa bara, tarehe 5 Januari 2020 kambi ilivamiwa wakafa Wamarekani watatu, ndani ya kambi yenye ulinzi, sembuse barazani kwenu. Na simu je! Harusini kila mtu ana simu, kabla ya isha sura ya kakako, na jina lake limeandikwa kifuani, itakuwa TikTok na wimbo juu yake. Atakaporudi kazini apelekwe kokote, sura hiyo imebaki huko.

Mwambie mama hivi, na umwambie kwa upole, baada ya kula: kombati ni nguo ya kazi, kama ovaroli ya fundi gari. Neivi wana nguo nyeupe za sherehe, nzuri mpaka basi, na siku kakako atakapooa yeye mwenyewe, akiomba ruhusa kwa wakubwa wake wakampa, avae hizo mama alie machozi yote aliyonayo. Siku hiyo ni yake. Hii ya sasa ni ya binti ami, na bwana harusi asije akafunikwa na mgeni, hiyo pekee yatosha kuwa sababu. Na hilo "mtakavyo" la kakako si jibu, ni mtoto anayeshindwa kumkatalia mamake. Mwambie aulize kazini kwao, yuko chini ya amri yule, siyo suala la kupigiwa kura na familia. Jibu atakalopewa nina hakika litawapatanisha mama na shemeji yake bila mtu kushindwa.

SWALI: Shangazi mimi nafanya kazi ya kuhudumu kwenye baa hapa Malindi. Kuna mteja anakuja usiku na jaketi la jeshi na buti, anakaa pembeni, wateja wakimuona wengine wanahama meza, bili analipa siku akijisikia. Naogopa kumwambia kitu. Nifanyeje? — Mhudumu, Malindi

JIBU: Mwanangu, kwanza nani amekwambia huyo ni mwanajeshi? Jaketi limekwambia. Askari wa kweli anajua akionekana amelewa na nguo za kazi kesho yake amri jeshini itamkalia vibaya, ndo maana wengi wakiwa ofu utawaona na jinzi na tisheti na hutawajua ila kwa nywele na vile wanavyokaa wakiangalia mlango. Hata Wamarekani, ambao kwao kuvaa yunifomu mjini si ajabu, kanuni yao ya jeshi la nchi kavu yawakataza kuingia na kombati mahali ambapo kazi yake kubwa ni pombe. Kula mkahawani sawa, baa hapana. Wao wameshaona kombati na chupa zikikutana kinachofuata ni nini.

Wewe usimuulize kitambulisho, si kazi yako na hulipwi kwa hiyo. Mwambie meneja, meneja ndo aende kituoni akaseme na OCS, mkuu wa kituo, ataje siku na saa anazokuja, basi. Kama ni askari wenzake watamfuata wenyewe, na wakija kumchukua wewe uwe jikoni. Kama si askari, hilo ni kosa la jinai, na hizo bili zake zitakuwa jambo dogo kabisa siku hiyo. Mpaka hapo, bia yake alipe kabla hujafungua, useme ni amri mpya ya meneja kwa wateja wote.

SWALI: Shangazi mi ni wa boda hapa Watamu, nimepata jaketi la mtumba la jungle kali sana, mia tano tu, je naweza vaa? — Wa Boda

JIBU: Usivae. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa nguo za jeshi wala zile zinazofanana nazo kiasi cha kumchanganya mtu, na "nilinunua mtumba" haijawahi kumtoa mtu seli. Na usifikiri ni Kenya tu, majirani zetu Tanzania 2023 jeshi lao liliwapa raia siku 7 wasalimishe nguo kama hizo. Mia tano imekwenda, shukuru haikuwa elfu mbili.

SWALI: Nakusoma kila toleo Shangazi lakini mara nyingine nyinyi raia mnatuudhi. Daktari anapita sokoni na koti lake, padri na kanzu yake, rubani ndo usiseme. Sisi tunaokufa tukivaa ofu ni makosa, tujifiche kama wezi kwenye nchi tunayoilinda. Nchi za wenzetu askari akipanda ndege anapigiwa makofi. — Askari, kambi sitaji

JIBU: Afande, ulichosema kina uzito na sitakujibu haraka haraka. Ukitoka zamu ukapitia dukani ukanunua mkate na maziwa na nguo zako za kazi, anayekukasirikia ana lake. Hiyo ni safari ya nyumbani, na mimi sina neno nayo kama wakubwa wako hawana. Ninachosema mimi ni karamu, klabu, harusi, kijiweni, pale ambapo watu wamekuja kuwa sawa sawa.

Na hao wenzetu unaowataja wameliona jambo hili kwa pande zote mbili. Waingereza miaka ya vita vya Ireland ya Kaskazini walizoea kuvaa kiraia nje ya kambi kwa sababu wapiganaji wa kule, IRA, walikuwa wanawawinda, desturi ikabaki. Ikafika 2008, kambi moja ya jeshi lao la anga, Wittering, wakawaambia watu wao wasivae yunifomu mjini Peterborough kwa sababu walikuwa wanatukanwa njiani. Nchi ikafura, waziri mkuu mwenyewe akasema askari wavae wasione haya, wakaanza kuhimizwa. Halafu Mei 2013 huko Woolwich, London, kijana wao Lee Rigby akauawa mchana barabarani, na siku hiyo hakuwa hata na yunifomu, alivaa sweta lenye kofia la kusaidia majeruhi wa vita, sweta tu! Serikali yao bado ikasema wanaweza kuvaa. Kwa hiyo wao walishindana na aibu, na pengine wako sahihi kwao, maana raia wa Peterborough hajawahi kugongewa mlango usiku na mtu asiyejua ni askari au muuaji. Huku kwetu hatujafika hapo, na si kosa lako wala langu.

Heshima unayodai ni haki yako, mimi sikatai hata kidogo. Tuna siku ya KDF, yaani jeshi letu la Kenya, tarehe 14 Oktoba, na ukiniuliza mimi hiyo ndo siku mngetoka na nguo zenu mpaka huku mitaani, mchana kweupe, mkakaa na watoto wakawauliza maswali, maana mjukuu wangu juzi nilimwambia KDF wanapita akatoka mbio na shilingi kumi mkononi, alidhani ni yule mama wa mandazi, yale nayo tunayaita KDF.

Kwa Dada mtu wa Lamu tena: nimesahau. Kanzu shona, lakini usimpe fundi kipimo cha zamani. Mwambie aongeze mabegani na kifuani, vijana wakishatoka Eldoret kanzu zao za Idi iliyopita haziwaingii tena.