Jibu: Ushuru wa dagaa, LUKU na mashimo ya mtaani

Dada, umeuliza kwa nini unalipa ushuru wa dagaa mwaloni Kibirizi (pale wavuvi wanaposhushia samaki), unakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), na bado barabara ya kwenu ina mashimo. Mimi ni diwani hapa Kigoma Ujiji, nikujibu bila kuzungusha.

Ile shilingi 1,500 inayokatwa kila mwezi (tangu Julai 2023, awali ilikuwa 1,000) ni kodi ya jengo. Kiwango hicho kilipitishwa na Bunge. Sisi madiwani hatukukipigia kura.

Ushuru wa mwaloni ndio wetu. Unaingia mapato ya ndani ya manispaa, na asilimia 10 ya mapato hayo inatengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwa hiyo wewe na wenzako mnaoanika dagaa mchangani mkiunda kikundi mkakisajili, mna haki ya kuomba. Wengi hawaombi, halafu wanalalamika!

Barabara za mitaa ziko TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017. Sisi tunapendekeza vipaumbele, wao wanajenga. Hapo nakiri mfumo unatuumiza, maana lawama zote zinamwangukia diwani.

Ila mkusanya ushuru akikupa karatasi ya mkono badala ya risiti ya mashine, usilipe. Piga picha, peleka kwa mtendaji wa kata siku hiyohiyo.