Ruhusa, idhini, ridhaa: ukibonyeza "Kubali" umetoa ipi?

Swali limetoka Wete, kwa kijana anaeuza simu na kusajili laini. Nalileta kama alivyoliandika, nimelifupisha kidogo tu:

"Asalaam alaykum mwalimu. Mimi niko dukani nasajili laini, na watu wazima wengi huniletea simu zao niwawekee programu. Simu ikiwa imetiwa Kiswahili inaandika Ruhusu, fomu yetu ya dukani imeandikwa Natoa idhini, na nimesikia sheria ya taarifa binafsi inasema ridhaa. Juzi kaja bibi mmoja, nilipomsomea akaniuliza, mwanangu, hayo ni mamoja au matatu? Nikakosa jibu. Na mwenzangu wa dukani ananambia yote hayo hayana haja, mtu akinyamaza keshakubali. Tufahamishe."

Wa alaykumu salaam mwanangu. Mwambie bibi ni matatu, tena kauliza suala kubwa, maana kamusi zetu nyingi ukitafuta idhini unaambiwa ni ruhusa, ukienda kwenye ruhusa unarudishwa kwenye idhini, unazunguka kama ngamia wa kinu na maana yenyewe huipati. Kwenye mazungumzo ya barzani haidhuru sana. Lakini hapo dukani kwako neno linafanya kazi ya saini, mtu anabonyeza mara moja na picha zake, namba zake na sauti yake zinakwenda pahala asipopajua, kwa hivyo lazima tujue katoa nini.

Tuanze na ruhusa. Ruhusa na rahisi kwa Kiarabu zimetoka mzizi mmoja, mambo ya kulegeza na kupunguza, sisi tukaichukua moja tukaipeleka kwenye bei na nyengine tukaipeleka kwenye amri. Anaetoa ruhusa ndie aliyeishika kamba, mwalimu wa skuli, bosi wa kazini, mzazi kwa mtoto mdogo, na akilegeza kamba yule wa chini anapita. Moyo wake unataka au hautaki hilo si suala, bosi anaweza kukupa ruhusa ya siku mbili na uso kaukunja. Sasa simu inapouliza kama programu ifunguliwe kamera au kinasa sauti, neno Ruhusu limekaa pahala pake khasa, simu ni yako, wewe ndie mkubwa wa pale, unalegeza au unakaza. Waliofasiri hapo sina ugomvi nao.

Idhini ni neno la sikio. Kiarabu sikio ni udhun, na adhana tunayoisikia mara 5 kwa siku, na muadhini, na idhini, wote ni wa nyumba moja. Idhini inataka kwanza pawe na ombi lililosikiwa, tena ombi la jambo maalum, ndio Baraza la Wawakilishi linaidhinisha bajeti ya mwaka fulani, haliidhinishi bajeti zote mpaka kiama. Na mfano wake wa nyumbani ni hodi. Unapiga hodi mara tatu, hukuitikiwa unarudi zako, hata kama mlango uko wazi na redio inasikika ndani. Suratun Nur aya ya 27 na ya 28 ndimo lilimo hilo la kutoingia nyumba za watu, na katika aya ya 28 neno la Kiarabu lililotumika ni la mzizi huu huu wa idhini, mpaka mpewe idhini. Mlango wazi si karibu. Natamani wanaotengeneza programu wangekulia kwenye nyumba inayopigwa hodi, maana nyingi zinaingia kwa sababu zimekuta mlango uko wazi.

Ridhaa sasa. Hili lina ndugu zake, radhi, kuridhika, niwie radhi, Radhia. Na hapa nyumbani tofauti tunaijua bila ya kufundishwa. Mtu ana miaka 40, ana mke na watoto, hana haja ya ruhusa ya mama yake kwenda Maskat kutafuta maisha, nani atamzuia, lakini hapandi boti pale Mkoani mpaka apate radhi zake. Ruhusa hakuiomba. Alichokifata ni moyo wa mama uwe mweupe. Kwa hivyo ridhaa inatoka ndani, na kwa kuwa inatoka ndani ina masharti ambayo ruhusa haina: haiwezi kulazimishwa, haiwezi kutolewa na mtu asiejua anachokitoa, na hakuna anaeweza kumtolea mwenziwe.

Hili la mwisho ndilo linalovunjwa kila siku. Tuchukue hizi programu za mikopo ya simuni. Kijana anataka elfu hamsini haraka, programu inamuomba isome namba zote zilizomo kwenye simu yake, anabonyeza Ruhusu. Wiki mbili baadae hajalipa, anapigiwa shangazi yake, anapigiwa ami yake, anapigiwa imamu wa msikiti, wanaambiwa fulani mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha zisizokuwa na leseni, na malalamiko makubwa ya watu yalikuwa ni haya haya ya kudhalilishwa mbele ya jamaa. Sasa tulitizame kwa lugha. Yule kijana alitoa ruhusa ya simu yake, sawa, simu yake. Shangazi je? Namba ya shangazi ilikuwemo kwa ajili ya kujuliana hali na kuulizana nani kaumwa, hakuulizwa na mtu, ridhaa yake haikutolewa na wala yule kijana hakuwa nayo mfukoni aitoe. Ruhusa ya mmoja ikageuzwa ridhaa ya watu mia. Mimi nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimemuona mtu mzima analia kwa kupigiwa simu ya deni asilolijua, anauliza nimekosa nini, na hana alilokosa.

Haya, mwenzako anaesema kunyamaza ni kukubali. Najua alikolitoa. Kalitoa kwenye ndoa, na kwa kuwa kalitoa huko twende naye huko huko.

Nimekaa kwenye shughuli hizo mara nyingi. Mara moja huko Mkoani nilikuwa shahidi, tukaongozana na baba wa bibi harusi mpaka mlango wa chumbani, pazia limeshushwa, ndani mashangazi na somo wake wamenyamaza kimya unasikia feni tu. Baba akasema, mwanangu, fulani bin fulani amekuposa, mahari yake ni kadhaa, umeridhia nikuoze? Kimya. Akauliza tena, akataja jina tena na mahari tena. Kimya. Mara ya tatu ndio ikasikika sauti ndogo, ndio baba. Na wengine hawasemi kabisa, na hadithi ipo ya Mtume (S.A.W.) kwamba bikira huombwa idhini na idhini yake ni kunyamaza kwake. Ndipo mwenzako alipopata kauli yake.

Lakini kaichukua nusu. Kwanza, yule msichana kaulizwa. Kaulizwa na mtu anaemjua, kwa jina, kwa jambo moja, mahari imetajwa, na akitaka kukataa watu wa kumsikia wapo chumbani humo humo. Kimya kilichokuja baada ya suala ni jibu, kimya kisichokuwa na suala ni kimya tu. Pili, hukumu ile ni ya bikira kwa sababu ya haya. Aliyewahi kuolewa lazima aseme kwa ulimi wake, haikutoshi kumuona kainama. Yaani hata huko ndoani kunyamaza ni njia waliyowekewa watu maalum kwa sababu maalum, huwezi kuichukua ukamuwekea kila anaekuja dukani kununua laini. Na msichana aliyepigwa picha harusini akatiwa kwenye statasi ya mtu, usiseme aliona akanyamaza. Nani alimuuliza?

La kupendeza ni kwamba mahakimu wa mbali wamefika hapo hapo kwa njia yao. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya kampuni ya Ujerumani inayoitwa Planet49, waliokuwa na bahati nasibu ya mtandaoni, kwenye ukurasa wao kile kisanduku cha kukubali kufuatiliwa kilikuwa kishatiwa alama ya vema, asietaka ndie aiondoe. Mahakama ikasema hiyo si ridhaa, kuacha alama uliyoikuta si kukubali, lazima mtu mwenyewe atende kitu. Na sheria yao ya taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018 inataka kuiondoa ridhaa kuwe wepesi kama kuitoa. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kwangu mimi waliochagua neno ridhaa wamechagua neno zito kuliko yote matatu. Sasa neno zito liheshimiwe, lisitiwe kwenye fomu kama chumvi.

Maana kuna pahala pengine ridhaa haipo kabisa na si vyema kuiandika. Mwaka 2019 mpaka Januari 2020 tulipopanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, asiesajili alijua laini yake itafungwa. Pale ridhaa ilikuwa wapi? Lile lilikuwa takwa la sheria, na takwa la sheria lina jina lake. Andika wazi, sheria inakutaka utoe alama za vidole. Ukimwandikia mtu "nimetoa alama zangu kwa ridhaa yangu" na huku hana njia nyengine, umemtia ulimini neno ambalo moyo wake haukulisema, na kesho akitaka kulalamika ataoneshwa saini yake mwenyewe.

Kwa fomu yenu basi. Pale mnapohitaji kufungua simu ya mteja mbele yake, andika ruhusa, inatosha. Mnapohitaji kufanya jambo moja kwa niaba yake, mfano kumhamishia namba kwenda laini mpya, andika idhini na jambo lenyewe litajwe. Mnapotaka kubaki na taarifa zake au kumpa mwengine, hapo ni ridhaa, na kiwe kifungu peke yake, kisichanganywe na vyengine, na asieridhia aondoke na laini yake kama kawaida.

Na kitu kimoja cha sarufi, maana nakiona kimekosewa mpaka kwenye fomu za maofisi. Wanaandika "nimeridhika na masharti haya". Kuridhika ni kutosheka, umekula ukashiba umeridhika, umelipwa haki yako umeridhika. Unachokitaka wewe ni nimeridhia, yaani nimelikubali jambo hili kwa moyo wangu. Mtu anaweza kuridhia asiridhike, baba anaridhia mahari ndogo na hakuridhika nayo. Kwa hivyo andika: "Nimesomewa, nimefahamu, na nimeridhia namba yangu itumike kwa..." halafu utaje kwa nini, na mpaka lini.

Bibi akirudi msomee hiyo, kisha muulize, umeridhia bibi? Halafu ngoja. Akikwambia hebu soma tena hapo pa namba, msomee tena.