Keki ya uwanja wa mpira na joto la Dar

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu anatimiza miaka 7 mwezi wa kwanza na anataka keki ya uwanja wa mpira, nimeulizia bei kwa mafundi nimechoka kabisa, sasa nataka nipambe mwenyewe nyumbani. Shida yangu ni krimu, mwaka jana iliteremka yote kabla hata hatujakata na sherehe ilikuwa nje saa kumi jioni. Nitumie fondanti au? Mama wa watatu, Temeke.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Fondanti, ile sukari laini inayosukumwa kama chapati na kufunika keki, achana nayo, sukari inavuta unyevu na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, ukiitoa kwenye friji tu inaanza kutoka jasho inanatanata. Baki na krimu ila uitengeneze kwa ajili ya joto. Siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 mpaka 35 hivi, na Dar mwezi wa kwanza mchana 32 inafika kirahisi, kwahiyo usitumie siagi tupu, chukua gramu 125 za siagi au majarini na gramu 125 za yale mafuta meupe ya mgando ya kupikia, aisingi shuga nusu kilo, vanila, chumvi kidogo sana, na maziwa kijiko kimoja tu kama imekuwa ngumu. Maziwa ndo yanaangusha krimu za watu wengi! Rangi tafuta ya jeli, ile ya maji inailegeza krimu na kijani yenyewe haikolei. Changanya usiku wa kabla maana rangi inazidi kukolea ikikaa.

Keki oka siku moja kabla ipoe kabisa mpaka ndani, ikiwa na uvuguvugu hata krimu nzuri namna gani itateleza. Paka kwanza krimu nyembamba ya kushika chengachenga, iingie kwenye friji nusu saa, ndo upake ya pili.

Sasa uwanja. Hapa mimi napenda mtu apime, kwasababu watoto wa mpira wanajua uwanja kuliko sisi na wataona mara moja. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ukiushusha kwenye trei ya sentimita 30 kwa 20 unakaa karibu sawasawa. Duara la kati linakuja kama sentimita 5, gandamiza mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa taratibu upate alama halafu pitisha krimu nyeupe juu yake. Boksi la penati upana 12, kwenda mbele karibu 5. Chora kwanza kwa kijiti cha meno na rula, ndo uweke mistari.

Majani nozo (ile ncha ya mfuko wa kukamulia krimu) yenye matundu mengi inayatoa vizuri sana, bonyeza, vuta juu, achia. Kama huna, piga uma juu ya krimu inatosha, ila weka majani baada ya kuchora alama na mistari iwe ya mwisho. Magoli tengeneza kwa mirija, wavu kata kwenye ule mfuko wa neti wa vitunguu uoshe kwa sabuni ukauke, ufunge nyuma ya mirija usiguse krimu. Wachezaji nunua wa plastiki, wachache wanapendeza zaidi kuliko kujaza kumi na moja kila upande.

Jina la mtoto liandike pembeni, kwenye kadibodi ya chini, kama bango la uwanjani, katikati paache wazi. Keki ikae kwenye friji mpaka dakika 20 kabla ya kukata, umeme ukikatika iingize kwenye deli lenye barafu ila barafu iwe kwenye chupa zilizofungwa isije ikalowesha. Mishumaa ipange kwenye mstari wa kati, mbali na magoli, maana mirija na neti vyote vinashika moto haraka, na ikishazimwa uitoe kabla hujaanza kugawa.