Kabla hujatuma hicho kiraka, soma mkataba wako wa ajira

Ndugu, umesema umerekebisha hitilafu kwenye maktaba (mkusanyo wa msimbo uliokwisha andikwa) ya programu huria mnayoitumia kazini, ila unasita kuyatuma marekebisho hayo, yaani kiraka, kwa wenye mradi kwa kuogopa hakimiliki. Hofu yako ina msingi, lakini umeielekeza kusiko. Leseni ya mradi si tatizo, maana kwa kawaida marekebisho huingia kwa leseni ileile. Jiulize kwanza: huo msimbo, yaani maandishi ya programu uliyoyaandika, ni mali ya nani? Ukiuandika kama sehemu ya kazi yako, katika nchi nyingi hakimiliki ni ya mwajiri, hata kama wazo lilikuwa lako mwenyewe. Kwa hiyo omba ruhusa, na iwe kwa maandishi. Neno la bosi kwenye korido halihesabiki.

Kisha angalia mradi wenyewe unadai nini. Kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, tangu 2004 inataka mstari wa Signed-off-by ("imesainiwa na") wenye jina lako, na amri ya git commit -s ya Git, programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo, huuweka yenyewe. Usiuone kama pambo: unathibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. GNU Emacs, programu ya kuhariri maandishi, wao wanataka uihamishie hakimiliki Free Software Foundation, taasisi inayotetea programu huria, ingawa marekebisho madogo, ya mistari 15 hivi kushuka chini, hupita bila makaratasi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile kipande cha msimbo ulichonakili kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu. Kina leseni ya CC BY-SA, inayodai umtaje mwandishi na utoe kinachotokana nacho kwa leseni ileile, na si kila mradi unaweza kuipokea. Kifute, uelewe mantiki yake, kisha andika chako.