Ukiwa na pesa unaweza kucheza gofu Augusta National?

Hapana ndugu yangu, pesa peke yake haikufikishi popote. Ile klabu ya gofu ya Georgia, Marekani, haina fomu ya kuomba uanachama. Wao ndio wanaokualika, na wanachama ni kama 300 tu. Asiye mwanachama hucheza pale akialikwa na mwanachama.

Uwanja ulichorwa na mchezaji gofu Bobby Jones na mbunifu wa viwanja Alister MacKenzie, kwenye ardhi iliyokuwa kitalu cha miche na maua. Ndiyo maana kila shimo lina jina la mmea. La 13 linaitwa Azalea, na Aprili, yanapofika mashindano makubwa ya gofu ya Masters yanayochezwa hapo, vichaka vyake huwa vimechanua maua ya rangi ya waridi. Nani asingetamani kupiga mpira pale!

Ila kinachoniuma ni huo mlango. Kwa miaka mingi waliobeba mifuko ya fimbo za wachezaji kwenye Masters walikuwa watu weusi, lakini mchezaji mweusi wa kwanza kushiriki, Lee Elder, aliingia 1975. Mwanachama mweusi wa kwanza alipokelewa 1990. Wanawake ndio walisubiri zaidi, hadi 2012, Condoleezza Rice, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, akiwa mmoja wa wawili wa mwanzo. Klabu ilifunguliwa miaka ya 1930, hebu piga hesabu.

Kama unataka kuuona uwanja tu, ingia kwenye bahati nasibu ya tiketi za Masters. Za siku za mazoezi ni nafuu zaidi. Simu utaiacha nje, ni marufuku.