Kasha la bastola ya Colt: je, vilitoka kiwandani pamoja?

Swali: Nimerithi bastola ya Colt ya muundo wa 1851, ikiwa ndani ya kasha la mahogani lililotandikwa mahameli nyekundu, pamoja na kichupa cha baruti na kalibu ya risasi. Anwani iliyochapwa juu ya mtutu ni ya New York. Nitajuaje kama kasha hili ndilo lililouzwa nayo? (Msomaji, Marekani)

Jibu: Anwani ya New York isikutie shaka, kwa kuwa Samuel Colt aliichapa hata kwenye bastola zilizotengenezwa Hartford, Connecticut. Kati ya 1850 na 1873 kiwanda hicho kilitoa zaidi ya bastola 200,000 za muundo huu, na nyingi ziliuzwa bila kasha la kifahari. Kwa hiyo kasha ndilo linalopandisha bei, na ndilo linaloghushiwa zaidi.

Anza na namba za utambulisho zilizopigwa kwenye chuma cha bastola. Ingawa Colt alijivunia mashine zake, zilizosimamiwa na Elisha Root, vipande bado vilimaliziwa kwa tupa na kuoanishwa kwa mkono, na ndiyo sababu namba ileile huonekana kwenye fremu, mtutu na kikinga cha kifyatulio. Zikilingana, umepata ushahidi kuhusu bastola tu, kwa sababu kasha kwa kawaida halikupigwa namba.

Ushahidi wa kasha umo kwenye kitambaa. Inua bastola utazame mahali ilipolala: mgandamizo wa silinda na wa nyundo, madoa ya mafuta, na rangi iliyohifadhika pale ambapo mwanga haukufika, vyote vinapaswa kufuata umbo la bastola hiyo yenye mtutu wa inchi 7 na nusu. Alama za mtutu mfupi zaidi zikionekana, kasha lilikuwa la bastola nyingine, hata likiwa la kale kweli. Mahameli iliyochakaa sawasawa kila mahali hunitia wasiwasi kuliko iliyotoboka. Mulika pia kwa taa ya urujuanimno, kwani nyuzi na gundi za kisasa mara nyingi hung'aa.

Kagua skrubu za bawaba. Ncha kali peke yake haikanushi chochote, kwa maana Thomas Sloan alipata hataza ya skrubu za namna hiyo mwaka 1846. Lakini kichwa chenye mfuo wa msalaba ni cha miaka ya 1930 au baadaye, na angalau kinaonyesha kwamba bawaba iliwahi kuguswa. Kasha la mwaloni lenye kitambaa cha sufu cha kijani lingeelekeza Uingereza, ambako Colt alikuwa na kiwanda Pimlico, London, katika miaka ya 1850.

Kalibu iwe na chapa ya Colt na itoe risasi za bastola ya kaliba ya inchi 0.36, yaani kipimo cha tundu la mtutu. Usisugue shaba wala usibadilishe mahameli kabla mtaalamu hajaviona vyote pamoja. Ukiuza bila hati ya mnunuzi wa kwanza, andika tu kwamba kasha ni la enzi hiyo.