Kipimo cha mate kimesema niko mzima, mbona jino linacheza?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Arua, Uganda, nina miaka 38. Nikipiga mswaki fizi hutoka damu, na jino moja la mbele la chini limeanza kucheza. Kliniki moja ilinipima mate kwa kile kipimo cha mistari, ukatoka mstari mmoja. Wakasema fizi zangu ni nzima, wakaniuzia dawa ya kusukutua. Binamu yangu alipimwa hapo hapo, akapata mistari miwili, akaandikiwa antibiotiki. Je, kipimo hiki ni cha kuaminika, au nitafute cha damu?

JIBU: Mwalimu, kwanza nikuulize mimi. Kuna mtu yeyote aliyeingiza kile chuma chembamba chenye alama za milimita katikati ya fizi na jino lako? Tunakiita probu. Katika barua yako sikioni, na wengi wanaonijia wakiwa na vikaratasi vya mate hawajawahi kukiona pia. Hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia.

Kipimo ulichofanyiwa, kwa jinsi unavyokieleza, nadhani ni cha MMP-8. Hicho ni kimeng'enya kinachotolewa na chembe nyeupe za damu zinapokimbilia mahali penye uvimbe, na kazi yake ni kukatakata kolajeni, zile nyuzi zinazoshika fizi na jino. Kikizidi kiwango fulani kwenye mate, mara nyingi nanogramu 20 kwa mililita, mstari wa pili hujitokeza. Sayansi yake si ya uongo. Uongo uko kwenye kile unachoambiwa baada ya mstari.

Mate ni ya mdomo mzima. Ugonjwa wa fizi hauli mdomo mzima kwa pamoja. Unaweza kuchimba shimo la milimita saba nyuma ya jino moja huku mengine yote yakiwa salama. Kiashiria, yaani hicho kimeng'enya, kinachotoka kwenye shimo hilo moja kinachanganyika na mate ya kila pembe, kinapungua nguvu, na mstari hautokei. Tena ugonjwa huu una vipindi: hula mfupa, hutulia, kisha huanza tena. Ukipimwa siku umetulia, utaambiwa uko mzima, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi kwa sababu ya jibu hilo. Kiashiria kinazungumzia moto unaowaka leo. Hakijui nyumba iliungua kiasi gani mwaka jana.

Sasa tumgeukie binamu yako. Mistari miwili inaweza kutoka kwa fizi zilizovimba kijuujuu tu, zile ambazo mswaki mzuri na kusafishwa vinazirudisha, bila mfupa wowote kupotea. Kidonda kingine mdomoni nacho chaweza kuitokeza mistari hiyo. Huyo naye akaandikiwa vidonge! Utando wa vijidudu ulioganda kwenye mzizi hauyeyuki kwa kumeza antibiotiki kama metronidazo. Ukoga uliokauka ukawa jiwe lazima ukwanguliwe kwa mkono au kwa mashine, na usipokwanguliwa damu itarudi dozi ikiisha. Asimeze kabla hajapimwa fizi, ila kama ana homa au uso umevimba, basi aende hospitali leo hii. Kama ameshaanza dozi, asiikatize kwa sababu yangu. Aende nayo kwa atakayempima.

Mwaka 2017 wataalamu wa Ulaya na Marekani walikutana Chicago kupanga upya magonjwa ya fizi. Viashiria waliviachia nafasi, kwamba huenda siku za mbele vikasaidia kukadiria kasi ya ugonjwa. Hatua ya ugonjwa yenyewe waliiacha kwa probu na eksirei: fizi imeachia jino kwa milimita ngapi, mfupa umeshuka kiasi gani.

Kuhusu damu, kipimo kimoja tu nakuomba ukifanye, nacho ni cha sukari, ile HbA1c. Kisukari kisichodhibitiwa huharakisha ugonjwa huu, na kuna watu ambao fizi ndizo zilizowafichulia kwamba wanacho. Na kama unavuta sigara mwambie daktari, kwa sababu sigara hupunguza kutoka damu na kuufanya ugonjwa uonekane mdogo.

Jino la chini la mbele silishangai. Chini ya ulimi, nyuma ya meno hayo, ndipo mifereji ya mate inapofungukia, na ndipo jiwe linapojijenga haraka. Wengine hukataa kusafishwa wakiamini kunalegeza meno. Jino lililegea zamani. Jiwe lilikuwa limeliegemeza tu.

Nchi hii inajua vizuri biashara ya kuwaonyesha watu kitu mkononi ili waamini. Tazameni ebinyo: mtoto ana homa na anahara, mtu anampasua ufizi, anatoa chipukizi la jino lililokuwa likijengeka na kumwonyesha mama "mdudu". Mama anaona kwa macho yake, analipa, na kuhara kunaendelea. Tunawacheka wanakijiji wanaokubali, kisha mtu wa mjini anaonyeshwa mstari wa rangi na aliyevaa koti jeupe, naye ananunua chupa ya kusukutua. Anayekupima na kukuuzia dawa hapo hapo, bila kukufungua mdomo, mwogope hata kama kipimo chake ni cha kweli.

Nenda kitengo cha meno cha hospitali ya rufaa hapo Arua. Omba fizi zipimwe pande sita kwa kila jino na namba ziandikwe, na jino linalocheza lipigwe eksirei, kwa kuwa hata pigo la zamani au meno yanayogongana vibaya yanaweza kulilegeza. Ukishasafishwa, rudi baada ya miezi miwili au mitatu zipimwe tena, uzilinganishe na zile za kwanza. Wakati huo ukitaka na mate yapimwe, sina ugomvi.